Nani Kakuambia Gitaa Lina Kabila?

Jumatano, saa sita kasoro usiku, kitanda cha juu.

Najua nimepotea. Kulikuwa na testi mbili ndani ya wiki moja, halafu boom likachelewa, halafu chaja ya laptop ikaniaga dunia. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Kwa hiyo wale mliokuja kutafuta mwendelezo wa stori ya yule jamaa wa maktaba, samahanini, hiyo itasubiri. Leo ni muziki, na leo nagombana na watu wawili. Wote wawili watasoma hapa, wote wawili ni rafiki zangu, na wote wawili wamekosea.

Ilikuwa hivi. Mnajua kuna usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Kamati ya burudani ikatangaza kwamba anayetaka kupanda jukwaani aje Jumamosi asikilizwe. Nikaenda na gitaa la kuazima, lenye nyuzi tano badala ya sita, na wimbo wangu mwenyewe. Wimbo unahusu akina mama wa kwetu Muheza wanaokimbilia madirisha ya mabasi na machungwa vichwani, dereva hataki kusimama, konda anagonga bodi, twende twende. Nimeuandika kwa Kiswahili. Una maneno mengi ya kuongea kuliko ya kuimba, na gitaa lake linakwaruza makusudi, kwa sababu stendi yenyewe inakwaruza.

Sikufika hata ubeti wa kwanza. Mzalendo (tumwite hivyo, mwenyewe anajijua) akatazama karatasi yangu, akasema: "Ahaa, mtoto wa Tanga! Basi tumemaliza. Wewe utatupigia taarab. Dera, khanga kiunoni, wapambe wawili nyuma, ukumbi unawaka moto." Nikamwambia, kaka, mimi nimekuja na gitaa. Akacheka. Kicheko cha upole kabisa, na ndicho kilichoniumiza. "Dada yangu, hayo makelele waachie wazungu. Wewe una chako."

Nikaimba taarab. Na nitasema ukweli wote: niliimba vizuri. Bibi yangu alikuwa anafua huku anaimba, mimi nasuuza huku naitikia, kwa hiyo ile mikogo nilijifunzia kwenye beseni. Wakapiga makofi, wakaandika jina langu, nikapewa nafasi ya tatu kwenye ratiba. Nikatoka pale nikaenda kukaa kimbwetani peke yangu, sielewi. Nimepata nilichokifuata, mbona najisikia kama mtu aliyeibiwa?

Usiku nikanunua bando, nikavaa hedifoni, nikaisikiliza tena albamu ya English Teacher. Hapo ndipo nikaelewa nimeibiwa nini.

Kwa wasiowajua: hawa ni watu wanne kutoka Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Lily Fontaine anaimba, Lewis Whiting yuko kwenye gitaa, Nicholas Eden kwenye besi, Douglas Frost kwenye dramu. Walikutana chuoni, chuo cha muziki cha pale pale Leeds, kwa hiyo ni wenzetu kabisa, watu wa noti na madeni. Albamu yao ya kwanza inaitwa This Could Be Texas. Ilitoka Aprili 2024, ina nyimbo 13, na Septemba mwaka huo huo ikachukua tuzo ya Mercury, ile inayopewa albamu moja tu kila mwaka kwa Uingereza na Ireland. Walikuwa wa kwanza kutoka nje ya London kuichukua kwa miaka 10. Nataja haya ili asije mtu akaniambia nimeokota bendi ya uchochoroni nikaipamba.

Huko kwao wanaiita bendi ya posti-panki. Panki hapa siyo ile ya kinyozi (kwi kwi kwi). Panki ni ule muziki wa fujo wa katikati ya miaka ya 1970: gitaa chafu, wimbo wa dakika mbili, hasira basi. Posti-panki ndiyo kilichofuata, pale baadhi ya vijana wa panki walipochoka kurudia kitu kimoja. Besi ikasogea mbele, gitaa likawa linakata badala ya kujaza, mwimbaji akawa anaongea karibu sawa na kuimba, na mlango ukafunguliwa kwa miziki mingine yote.

Sasa ndani ya albamu hii kuna wimbo unaitwa R&B. Siyo R&B hata chembe. Besi inakimbia kama mtu aliyechelewa mtihani, dramu zinamsukuma mgongoni, gitaa linachoma, na Lily anaongea kwa sauti kavu. Lily ana asili mchanganyiko, siyo mzungu moja kwa moja, na anachokisema, nikikieleza kwa maneno yangu mimi, ni kwamba watu wakimwangalia wanasikia muziki fulani kabla hajafungua mdomo. Wanasikia R&B. Na yeye huyo wanayemsikia siye. Wimbo huo waliutoa mara ya kwanza mwaka 2021 kama wimbo mmoja mmoja, kisha wakaurekodi upya kwa ajili ya albamu. Inaelekea tatizo lilikuwa bado lipo pale pale. Na kichekesho ni kwamba Colne, mji mdogo wa Lancashire anakotoka Lily, una tamasha maarufu la rhythm and blues. Yaani R&B ilikuwa inampitia mlangoni, akachagua mwenyewe kitu kingine.

Nikakaa kitako kitandani. Huyu dada yuko Leeds, mimi niko huku bwenini nasikia mwenzangu anakoroma, hatujuani, na Jumamosi yangu nzima imo mle ndani ya wimbo wake.

Haya. Naanza na Mzalendo.

Kaka, umesema ni makelele ya wazungu. Hebu tufungue daftari. Mwaka 1978 bendi ya X-Ray Spex ya London ilitoa albamu yao ya kwanza, Germfree Adolescents. Mwimbaji wao alijiita Poly Styrene. Baba yake alikuwa Msomali. Msomali, kaka, siyo mtu wa Manchester! Huyo binti alisimama mbele ya panki wakati panki yenyewe bado ina meno ya utotoni. Mwaka 1979 The Slits, wasichana watupu, walitoa Cut, na aliyekaa kwenye kiti cha mtayarishaji ni Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, fundi wa regge na dabu. Dabu ni ule mtindo wa Jamaika wa kuvua wimbo nguo ukabaki na besi, dramu na mwangwi. Mwaka huo huo Public Image Ltd walitoa Metal Box, na besi ya Jah Wobble mle ndani ukiisikiliza gizani unajua kabisa imesoma Kingston. Mwaka 1980 Talking Heads wa New York wakatoa Remain in Light, na hawakuficha kwamba walikuwa wanamsikiliza Fela Kuti. Fela wa Lagos.

Leeds yenyewe je? Gang of Four waliotoa Entertainment! mwaka 1979 walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu pale. The Mekons nao hivyo hivyo. Watoto wa kizungu, sawa, lakini sikiliza wanavyopiga: fanki ya Wamarekani weusi iliyonyimwa tabasamu, na matundu ya kimya yaliyotoka kwenye dabu. Zilikuwa ni siku ambazo bendi za panki na bendi za regge zilipanda jukwaa moja kupinga ubaguzi wa rangi. Aprili 1978, katika bustani ya Victoria Park London, The Clash walipiga siku moja na Steel Pulse, bendi ya regge ya Birmingham, na X-Ray Spex wa huyo binti wa Msomali walikuwepo pia.

Kwa hiyo unaponiambia niwaachie wazungu, unawazawadia wazungu kitu ambacho hata wao wenyewe hawajawahi kudai ni chao peke yao. Uzalendo gani huo wa kugawa mali ya watu?

Na bado sijafika Tanga. Ngoja nifike.

Umesema mimi nina changu, taarab. Ni kweli ninayo, na naipenda, na siku ya harusi ya dada yangu utaniona. Lakini hiyo taarab unayonikabidhi kama kitambulisho, unajua imetoka wapi? Unguja, enzi za Sultani Barghash, iliangalia Misri. Ikaja na kanuni, na fidla, na udi. Baadaye ikachota kwenye filamu za Kihindi. Siti binti Saad alipokwenda kurekodi mwaka 1928 alikwenda Bombay. Na sasa fungua masikio vizuri: Tanga, kwetu huko huko unakoniambia nirudi, kulikuwa na Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, zile za Shakila. Wanajulikana kwa nini hao? Kwa kuingiza gitaa la umeme na gitaa la besi kwenye taarab, na mwendo wa dansi ndani yake!

Yaani, kaka, umemnyang'anya mtoto wa Tanga gitaa kwa jina la taarab ya Tanga. Wazee wa Black Star wangekucheka mpaka wadondoshe barakashia.

Sasa nakuja kwa mtu wa pili. Huyu ni Profesa, wa uhandisi, mwenye diski ngumu yenye rock ya dunia nzima. Nilimkimbilia nikidhani nitapata mtetezi. Nikampa albamu. Siku mbili baadaye akanirudishia hukumu: "Kachumbari." Anasema posti-panki ya kweli ni giza, ni Joy Division, ni besi baridi na mtu mwenye huzuni. Hawa English Teacher, anasema, leo piano, kesho gitaa la kunong'ona, keshokutwa mdundo unaokwenda upande kama kaa. "Hawana chao. Wameokoteza."

Profesa, unajua kwamba wewe na Mzalendo mmesema neno moja? Yeye kasema mimi nina changu, nisiguse cha wengine. Wewe umesema wao hawana chao kwa sababu wamegusa cha wengine. Wote mnaamini kwamba mahali fulani kuna muziki msafi, umekaa kabatini na lebo, na kazi ya mwanamuziki ni kwenda kuchukua wenye lebo yake. Tofauti yenu ni kabati tu.

Tuisikilize basi hiyo kachumbari, wimbo kwa wimbo, tuone nani kaokoteza.

The World's Biggest Paving Slab: besi nzito, Lily anaongea kwenye beti halafu anapaa kwenye kiitikio. Wimbo wenyewe ni mji mdogo unajisifu, kwa vile vitu ambavyo mtu wa mjini mkubwa akivisikia anauliza "ndiyo nini hicho?" Sasa sauti ya kuongea ndiyo sauti ya mtu wa mji mdogo anayejua kwamba hakuna anayemsikiliza, na kiitikio kinapopaa ndipo sifa inapojaa kifua. Ukiondoa kuongea, wimbo unakuwa majivuno matupu. Ukiondoa kupaa, unakuwa malalamiko. Mimi mtu wa Muheza, naulizwa kila muhula "Muheza ni kabla au baada ya Korogwe?" Huo wimbo niliuelewa bila kamusi.

Nearly Daffodils: hapa ndipo penye kaa wako, Profesa. Mdundo unajikwaa makusudi, besi inakwaruza, na wimbo unahusu kitu kilichokaribia kuchanua kikaishia njiani. Ungependa mdundo ulionyooka? Kwa wimbo wa kitu kilichoshindwa kufika? Mastermind Specialism ni wa kuchagua na kushindwa kuchagua, ni mpole, unatembea kwa vidole. You Blister My Paint unakwenda pole pole mpaka unasikia pumzi. Halafu Albert Road inafunga albamu. Albert Road ni barabara kuu ya Colne kweli, siyo ya kutunga, na wimbo unapanda taratibu kama mtu anayerudi nyumbani kwa mguu, mpaka mwisho bendi nzima iko juu yako. Nikiusikiliza naiona ile barabara ya kwetu kutoka stendi, vumbi na yote.

Mnaona ninakokwenda? Albamu hii imejaa nyumbani. Ni Lancashire na Yorkshire mwanzo mwisho, mitaa, aibu ya mji, upendo wa mji. Na imechukua sauti kutoka kila upande ili kuyasema hayo. Mzalendo, hapa ndipo sumu ya hoja yako inapotoka: kuimba kwenu ni kitu kimoja, na kuimbishwa kwenu ni kitu kingine kabisa. Mimi Jumamosi nilikuja kuimba kwetu. Wimbo wa akina mama wa machungwa, wa stendi ya Muheza, hakuna kitu cha kwetu zaidi ya hicho. Lakini kwa sababu ulikuja na gitaa linalokwaruza, haukuonekana ni wa kwetu. Nikapewa dera, nikaimbishwa Tanga ya kwenye kalenda. Ndicho nilichoibiwa. Siyo nafasi, nafasi nimepata. Nimeibiwa Muheza yangu nikapewa Tanga yako.

Sasa, mimi siyo wa kubishana kama mtu anayeuza dawa ya meno. Mzalendo ana hoja moja nzito na nitaisema kwa niaba yake, kwa sababu Jumamosi hakuisema. Kuna kuchanganya na kuna kupora. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939. Wimbo ukavuka bahari, ukavalishwa nguo nyingine, ukawa The Lion Sleeps Tonight, dunia nzima ikauimba. Linda alikufa maskini mwaka 1962, na familia yake ilisubiri mpaka 2006 kufikia makubaliano ya kulipwa. Mtu akiniambia "mnaita mchanganyiko, sisi tunaita wizi", kwa kesi kama ile nitakaa upande wake na nitabeba bango. Lakini angalieni kosa liko wapi. Kosa ni jina lililofutwa na hela iliyoliwa. Dawa yake ni kutaja majina na kulipa watu. Dawa yake haiwezi kuwa kumwambia dada wa Muheza aachie gitaa. Hiyo haimrudishii Linda hata shilingi.

Na Profesa naye ana nusu hoja. Kuna kuokoteza kweli. Tumezisikia hizo nyimbo: repu ubeti wa kwanza, filimbi ya Kihindi katikati, ngoma ya kimasai mwishoni ili video ipendeze. Ukiuliza filimbi inafanya nini pale, hakuna anayejua. Ndiyo maana kipimo changu mimi ni cha jikoni. Pilau ina bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, na karibu vyote hivyo mbegu yake ya kwanza ilivuka bahari. Hakuna mtu Tanga anayeita pilau kuokoteza. Lakini bibi yangu alikuwa anaonja, na kama mdalasini umepiga kelele kuliko nyama, alikuwa anasema huyu kapika duka. Kila kiungo kitaje kazi yake. Kikishindwa, toa.

Kwa kipimo hicho English Teacher hawafaulu kote. Haya, nasema. Kuna nyimbo mle ndani zinabadilika mara tatu kabla hujakaa vizuri, unajisikia kama abiria wa daladala linalokata kona kukwepa trafiki. Na R&B ya kwenye albamu imesafishwa. Ile ya 2021 ilikuwa na meno zaidi, hii ya sasa imepigwa mswaki. Mimi nampa Profesa alama zake. Lakini katika nyimbo 13 nahesabu mbili tatu zilizopika duka. Zilizobaki, kila kitu kina kazi. Kwa albamu ya kwanza? Wangapi hapa tungepata alama hizo kwenye paper ya kwanza?

Jambo la mwisho, halafu nilale, kesho nina kipindi saa moja.

Mtu ataniuliza: dada, yote haya ya nini, si usiku mmoja tu wa burudani? Mwaka huo huo wa 2024 Lily Fontaine alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kueleza hali ngumu ya wasanii na kumbi ndogo za muziki kule kwao. Kumbi ndogo, siyo uwanja wa Wembley. Nilipoisoma habari hiyo niliona ajabu kidogo, bendi inakaribia kutoa albamu, inahangaika na vibanda? Sasa naelewa. Kwenye ukumbi mdogo ndiko unaposimama na wimbo ambao bado haujaiva, mbele ya watu arobaini, ukaona kama unasimama. Ukikosa pale, hutaupata popote. Redio haitaki mbichi. Harusi haitaki mbichi. Usiku wa mwaka wa kwanza, kwenye ukumbi wenye spika moja inayokoroma, ndio ukumbi mdogo tulionao sisi. Kama pale nako kila mtu ataombwa alete kabila lake tu, Mchaga aje na yake, Msukuma aje na yake, mimi na dera langu, basi tumefungua makumbusho. Na mwaka wa kwanza wanaotoka Kigoma, Lindi na Bukoba watakaa pale chini wajifunze siku ya kwanza kabisa kwamba chuoni unakuja kuwa yule yule uliyekwisha kuandikwa kwenye fomu.

Mimi nilikuja chuo kwa sababu nilidhani ni kinyume chake.

Kwa hiyo nimemtumia Mzalendo ujumbe jioni hii. Nimesema nafasi ya tatu naikubali, na nitaimba nyimbo mbili. Ya kwanza taarab, kwa heshima zote, na nitaipiga na gitaa, kama Black Star walivyofanya. Ya pili akina mama wa machungwa. Dera nitavaa, mbona zuri tu, tena lile la kijani. Lakini zote mbili au jina langu lifutwe. Amejibu: "Utaua mzuka wa watu." Baada ya dakika kumi akaongeza: "Tutajadili kwenye kamati." Baada ya nusu saa akauliza hiyo Black Star inapatikana wapi. Nimemtumia. Sijui kama amesikiliza, lakini tiki mbili zimeshakuwa bluu.

Profesa yeye amesema atakuja kukaa mstari wa mbele ili azomee kwa ukaribu. Karibu sana, mwalimu.

Wadau, nishambulieni, nimekaa tayari. Ila msinishambulie kabla hamjasikiliza. Anayetaka albamu aje na flashi chumbani, mchana tu, siyo usiku, mwenzangu anakoroma lakini analala mapema.

Na tafadhali sana: mwenye uzi wa gitaa, ule mwembamba kabisa wa chini, hata kama umetumika, anitafute kabla ya Ijumaa. Nimebaki na nyuzi tano, na wimbo wa stendi bila ule uzi konda hasikiki.